Mwaka wa Chumvi ya Josho

Robi alipiga simu wakati nachambua maharage mlangoni, na kwa jinsi alivyonisalimia mara mbili nikajua kuna msiba. "Shikamoo mama mdogo," akasema, nikaitikia, kisha akasema tena "shikamoo," kama mtu aliyebisha hodi akasahau alichofuata. Ndipo akaniambia kwamba mama yake, Nyangi, aliyekuwa muuguzi wa zahanati kule juu upande wa Gorong'a, alisinzia mchana kwenye kiti chake na hakuamka. Nilishukuru kwa taarifa, nikauliza mazishi ni lini, nikarudi kwenye ungo wangu. Nilimaliza kuchambua ndipo nikaona nimetupa maharage nje na kuyaweka mawe kwenye sufuria. Kuku walifurahi sana siku ile.

Ninaye mjukuu anayefanya kazi kituo cha afya hapa Turwa. Agizo jipya likitoka huko juu, linaingia kwenye simu yake kabla hajanawa uso. Analisoma huku anakunywa chai, anasema "sawa," basi, limefika. Namtazama na kutabasamu, maana mwaka ninaotaka kuusimulia maagizo yalipanda baiskeli, na baiskeli niliipanda mimi. Vijiji vya ujamaa vilikuwa bado vipya, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi asubuhi, na watu walikuwa hawajazoea kumsikia jirani akikohoa. Mimi nilikuwa na darasa la saba, miguu yenye nguvu, na sauti ambayo shangazi yangu alisema ingefaa zaidi kufukuza ndege shambani. Nilitaka kuwa mtangazaji wa redio. Sikuwa nimemwambia mtu, lakini kila mtu alijua, kwa sababu nikiwa peke yangu njiani nilijisomea taarifa ya habari kwa sauti ya kiume: mvua imenyesha, ng'ombe wa mzee fulani amepotea, Bhoke ameonekana akipandisha mlima bila kushuka kwenye baiskeli.

Kazi yangu ilikuwa utarishi katika ofisi ya mganga mkuu wa wilaya. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma chenye dirisha moja, meza mbili, na mashine ya kurudufu iliyopaka wino kila kilichoisogelea, pamoja na mikate. Daktari alikuwa mtu wa kusini, mwembamba, ambaye baridi ya Tarime ilimfanya avae sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado akawa anashika kikombe cha chai kwa mikono miwili kama anayeomba. Tulikula viazi vitamu vya kuchemsha mezani hapo hapo, katikati ya nyaraka, naye alikuwa akisema kwamba waraka mzuri ni ule wenye alama ya kidole cha mtu aliyekuwa anakula. Siku ya kwanza aliponikabidhi bahasha za zahanati zote za upande wa mashariki, alinishika mkono kabla sijatoka. "Bhoke," akasema, "usije ukaniletea jibu la 'wameelewa.' Hata mimi shuleni nilikuwa nasema nimeelewa ili mwalimu aniache. Wasomee, kisha waambie wafanye mbele yako. Wewe utazame. Ukirudi hapa, usiniambie walichosema. Niambie ulichokiona."

Basi ndivyo nilivyofanya kazi. Nilifika zahanati, nikaegemeza baiskeli, nikasimama mlangoni na kusoma waraka kwa sauti yangu ya redio, na wagonjwa kwenye benchi wakasikiliza bure. Kisha nilikaa kwenye kigoda na kutazama. Waraka ukisema sindano zichemshwe hivi, nilitazama sufuria mpaka ikatokota. Ukisema chanjo isiachwe juani, niliuliza ipo wapi nikaenda kuishika kwa mkono. Wengine hawakupenda. Mganga msaidizi mmoja aliniuliza kama nimetumwa na chama. Lakini Nyangi aliipenda desturi hiyo tangu siku ya kwanza. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye pengo mbele na kicheko kilichotangulia maneno, na alikuwa peke yake katika zahanati ile ya vyumba viwili baada ya mganga msaidizi wake kuhamishwa. "Kaa hapo, Redio," alikuwa ananiambia, "unitazame vizuri, mwenzio natazamwa na wagonjwa tu, na wao wanatazama sindano." Mwanawe Mwita, aliyekuwa bado hajatimiza umri wa kuchunga hata mbuzi, alikuwa akiishika kengele ya baiskeli yangu kwa mikono yote miwili na kuipiga mpaka mama yake amwondoe. Aliiita baiskeli ile ng'ombe wake. Nikiondoka aliniambia nimnyweshe maji.

Kipindupindu kilianza kwetu kama neno tu. Lilikuja sokoni, likakaa kwenye foleni ya duka la kijiji ambako watu walikuwa wanangoja sukari isiyokuja, likawa linasemwa kwa sauti ya chini kama jina la mtu aliyetoka jela. Kisha watu wakaanza kufa, na waliofariki walikuwa jana yake wamepalilia. Hicho ndicho kilichotutisha. Tuliyajua magonjwa ya kumlaza mtu mpaka ndugu waje kutoka ng'ambo ya mpaka kumuaga. Hili halikungoja ndugu. Waraka wa kwanza niliousambaza ulisema kila mgonjwa aletwe haraka hospitali ya wilaya kutundikiwa maji ya mshipa. Niliusoma kote, na Nyangi aliufanyia kazi mbele yangu: aliwaita vijana wanne, akawafundisha kufunga blanketi kwenye miti miwili liwe machela, na mmoja wao akalala juu yake akicheka, akibebwa kuzunguka uwanja.

Baada ya wiki chache hakuna aliyekuwa anacheka. Hospitali ilijaa hadi kwenye veranda, chupa za maji ya mshipa zikaadimika, na waliobebwa kutoka mbali walikuwa wanafika wamekwisha, huku waliowabeba wakiuchukua ugonjwa na kurudi nao kwao. Barabara zikafungwa kwa miti. Daktari aliandika waraka mwingine akiwa amesimama, na nilipoingia niliona sweta zimebaki kwenye kiti; nadhani hofu ilikuwa imemtia joto. Waraka huu uliupindua ule wa kwanza. Mgonjwa asitolewe kijijini. Anyweshwe palepale alipo, hata kama anatapika, hata kama wazee wanasema maji yanamzidishia kuharisha. Maji yaliyochemshwa lita moja, sukari vijiko vya chai sita, chumvi nusu kijiko. Sukari isipokuwepo, uji mwembamba wa ulezi badala yake. Alichanganya mwenyewe kwenye birika la chai mbele yangu, akanipa kijiko.

"Onja. Unasikiaje?"

"Kama machozi, Daktari."

"Basi hicho ndicho kipimo. Chumvi isizidi ya machozi. Ikizidi, mwaga."

"Machozi ya nani?" nilimuuliza, nikitaka acheke.

"Ya kwako," akasema. "Mwaka huu utakuwa nayo ya kutosha."

Nilipanda baiskeli asubuhi na mapema. Ile njia ya kwenda Gorong'a naipenda mpaka leo: inapanda, inashuka, inapanda tena, na ukifika mgongoni mwa mlima unaona mashamba ya mahindi na mtama hadi macho yachoke. Siku ile sikuiona. Hapakuwa na mtu njiani. Niliyezoea kuitwa kwa utani kila kona, "mwanamke kapanda chuma, mumewe atapanda nini," nilitamani hata mmoja anitukane. Badala yake kengele yangu iliposikika, milango ilifungwa. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ulezi alimvuta mtoto wake ndani, nikamsikia akisema, "Yule akipita, habari huwa mbaya." Nilijaribu kusoma taarifa ya habari, nikaiacha katikati. Nikaendesha tu.

Kijiji cha Nyangi kilikuwa ng'ambo ya kijito. Mti wa mkaratusi ulikuwa umelazwa barabarani upande wangu, na juu yake alikaa Chacha, mgambo, kijana wa huku nje ya kizuizi, aliyevaa shati la kaki lisilo na vifungo na rungu mapajani. Tulijuana, siku za kawaida alinilazimisha nimsomee waraka mara mbili.

"Redio imefika," akasema bila kuinuka. "Betri zimo?"

"Zimo. Nipishe nipite."

"Huku kwenda kupo. Kurudi hakupo. Amri."

Kwa hiyo nilisimama ukingoni nikapaza sauti kumwita Nyangi. Alitoka zahanati na kushuka mpaka upande wake wa kijito, na kabla hajasema neno nikaona kwamba hajalala, nikaona pia nyuma yake, kwenye kivuli cha ukuta, ile machela. Blanketi lilikuwa limekwisha kufungwa. Vijana wanne walikuwa wamekaa kando yake.

"Afadhali umekuja," akapaza sauti. "Mwambie huyo mgambo atupishe. Tunamleta Mwita."

Sijui kama nimewahi kubeba kitu kizito kama ile karatasi. Niliisoma. Niliisoma kwa sauti ya redio kwa sababu sauti yangu mwenyewe isingefika ng'ambo. Nilipofika pale pa mgonjwa asitolewe kijijini, mmoja wa wale vijana aliinuka.

"Hata wa kwangu?" Nyangi akauliza.

"Hata wako, dada."

"Nani kasema?"

"Waraka umesema."

Maji ya kijito yalisikika. "Huo waraka," akasema, "umezaa?"

Hakungoja jibu. Alikuwa muuguzi. Aligeuka, akawaambia vijana wafungue blanketi, kisha akanirudishia maagizo yote neno kwa neno, jinsi tulivyozoeana, mkono mmoja kiunoni: maji yachemshwe, kiasi hiki na hiki, anyweshwe hata akitapika. "Sukari sina, nitatumia uji," akasema. "Chumvi ninayo, gunia zima. Tumeshaanza kuwapa tangu jana, nilisikia habari zake kwa mwenzangu wa zahanati ya chini." Kisha akapanda haraka, nami nikabaki natazama mgongo wake mpaka mlango ukamficha. Kila neno alilirudisha sawasawa. Kutazama ndiko hakukuwezekana.

Niligeuza baiskeli. Juu ya mlima nilishuka nikakaa kwenye jiwe, nikafungua chakula alichonifungia shangazi: mahindi ya kuchemsha, yamepoa, hayana chumvi. Hayakuwa na chumvi kwa sababu hapakuwa na chumvi. Turwa haikuwepo, sokoni haikuwepo, duka la kijiji lilikuwa na viberiti na picha ukutani. Nilitafuna taratibu, nikiyaona mashavu ya Mwita, na ndipo mahindi yakanigomea mdomoni. Tarime nzima haina chumvi, na Nyangi ana gunia. Chumvi gani inakuja kwa gunia? Ilikuwepo moja tu. Bwana mifugo alikuwa ameigawa vijijini kwa ajili ya ng'ombe wanaokuja joshoni kuogeshwa, magadi ya kijivu ya kulamba. Na sote tulikuwa tunaila. Wiki ile ile shangazi alikuwa ametia kidogo kwenye mboga, tukala na kunyamaza, na mboga ikalainika vizuri. Kidogo kwenye sufuria ya mboga haina neno. Lakini kumnywesha mtoto aliyekauka, kikombe baada ya kikombe?

Nataka niseme ukweli kuhusu woga, kwa sababu vijana wakisikia habari hizi wananifanya jasiri. Nilikaa pale juu ya jiwe na nikafikiria njia zote za kutorudi. Nilifikiria kwenda kumwuliza Daktari kwanza. Nilifikiria kwamba Nyangi ni muuguzi na mimi ni tarishi. Nilifikiria redio; niliiona studio yenye zulia, ambayo sijawahi kuiona, na mimi ndani yake nimevaa gauni la njano, hai. Kisha nilimsikia Mwita akiniambia ng'ombe wake anyweshwe maji, nikainuka. Niliteremka mlima ule bila kushika breki, nikilia, na mate yalikuwa na ladha ya lile birika la Daktari.

"Umesahau nini?" Chacha akaniuliza.

"Nani huku ana chumvi ya kupikia? Ya mezani, nyeupe."

Alicheka. "Redio, hata mkuu wa wilaya hana."

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, kwa pumzi za vipande, lakini alielewa, kwa sababu kicheko kilitoka usoni taratibu. Alitazama kule kijijini, akatazama rungu lake. Kila mtu alijua kwamba mkewe Chacha kwao ni ng'ambo ya mpaka, na kila mtu alijua kwamba mgambo ndiye anayekamata watu wa magendo. Mambo hayo mawili yalikuwa yakiishi nyumba moja bila kusalimiana. Aliinuka, akasema, "Nilindie huu mti," akaenda kwake. Niliulinda. Aliporudi alikuwa na kitambaa kilichofungwa mafundo mawili, moja la chumvi nyeupe na moja la sukari, ambayo sikuwa nimeiomba. Hakunipa mkononi. Alikiweka juu ya mti wa mkaratusi, akatazama pembeni.

"Hicho kimeokotwa njiani," akasema.

"Sawa."

"Ukivuka, Bhoke, hurudi mpaka waseme wakubwa. Na mimi sitakupisha. Hata ukinililia."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu. Niliiegemeza baiskeli kwenye kizuizi, nikavua viatu, nikavuka.

Ndani ya zahanati kulinukia chokaa na dawa ya kuulia vijidudu, na chini ya hiyo harufu kulikuwa na nyingine ambayo sitaieleza. Wagonjwa walilala kwenye mikeka ukuta hadi ukuta. Bibi Wankuru, mzee aliyekuwa akiniletea ndizi kila nikija, alikuwa amefunikwa blanketi mpaka juu ya kichwa. Mwita alilala kwenye meza ya kupimia, karibu na dirisha, macho yamezama, na nilipombana ngozi ya tumbo kidogo ilibaki imesimama kama kitambaa. Nyangi alikuwa na kikombe. Hakuniuliza nimevukaje. Nilichukua kikombe mkononi mwake, nikaonja.

Ilikuwa chungu. Uchungu wa kushika ulimi na kubaki.

"Ni chungu, dada."

"Dawa si huwa chungu," akasema. "Wenyewe wameipenda. Bibi Wankuru alisema hii ndiyo dawa sasa, ina nguvu, siyo yale maji ya hospitali." Kisha aliutazama mkono wangu, na kile kitambaa, na fundo nililokuwa nalifungua, na akaona ile nyeupe. Alitazama blanketi la Bibi Wankuru, akaitazama ile ndoo, na nikaona uso wa mtu anayesoma barua. "Wanatapika," akasema polepole. "Nilidhani ni ugonjwa."

"Huenda ni ugonjwa."

"Huenda," akasema. Aliibeba ndoo mwenyewe, akaenda kuimwaga shimoni, na aliporudi alikuwa ameosha uso.

Tulichanganya upya. Nilikaa kwenye kigoda changu kilekile na kutazama: maji, sukari, chumvi. Alionja, akanipa nionje, tukatazamana, akatikisa kichwa kukubali. Mwita alipewa kijiko kimoja, akakitapika. Tukangoja. Kijiko kingine. Alimeza, akatapika. Tukangoja. Mchana wote ulikuwa huo, kijiko na kungoja, na mimi nikienda kwa wengine na kikombe na kurudi kumtazama. Dirishani nje, wazee wawili walikaa kwenye jua wakiongea kana kwamba ukuta hauna masikio.

"Huyu msichana wa chuma ndiye anayeleta. Kila akija, baada yake kuna kitu."

"Sasa ameleta mwenyewe mwili wake. Safari hii tutaona."

"Mura, ukiuleta ugonjwa utakaa nao chumba kimoja?"

Mwingine alifikiri. "Hapo umenishinda," akasema.

Nilisikia yote. Niliogopa ugonjwa, niliwaogopa wao, niliogopa tumbo langu kila liliponguruma, na lilinguruma kwa sababu sikuwa nimekula zaidi ya yale mahindi. Nilichoogopa kuliko vyote ni mkono wa Mwita, ambao nilikuwa nimeushika na ulikuwa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua. Sikuwa nimewahi kumwomba Mungu bila kumtajia pia habari ya redio. Siku ile niliiacha redio nje.

Jua lilipoanza kushuka kwenye mlima, alikuwa mapajani mwangu ili mama yake anyooshe mgongo, nikasikia joto kwenye gauni. Nilidhani nimemwaga kikombe. Nikatazama chini. Mwita alikuwa anakojoa, mkojo kidogo, wa njano iliyokolea, ukishuka kwenye gauni langu la pekee nililokuja nalo. Nilimwita Nyangi kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kumfukuza ndege. Alikuja, akaona, akaweka kiganja kwenye ile sehemu iliyolowa kana kwamba haamini kuwa maji yamekaa mwilini, kisha akakaa sakafuni na kucheka kile kicheko chake chote, na wagonjwa wawili mikekani, watu wasiojiweza, wakaanza kucheka pia bila kujua tunacheka nini. Nimepewa zawadi nyingi maishani. Sijapewa nyingine kama ile.

Si wote waliopona. Nilikaa mle mpaka mti wa mkaratusi ulipoondolewa, nikachemsha maji, nikapaka chokaa vyooni, nikawaona mgambo wakizika watu bila matanga na bila ng'ombe, na mama wa watu amesimama mbali na kaburi la mtoto wake akiwa amejiziba mdomo kwa khanga kwa kuwa kulia kungekusanya majirani. Wale wazee wa dirishani, mmoja alifika ndani kwenye mkeka, akapokea kikombe mkononi mwangu bila kuniangalia, akapona, na tangu hapo aliniita binti yake. Jina la Bibi Wankuru hatukulitaja, mimi na Nyangi, wakati ule wala baadaye. Lakini Daktari alipokuja na gari, Nyangi alimweleza mwenyewe, amesimama wima, mikono nyuma, kila kitu kuhusu gunia. Daktari alisikiliza mpaka mwisho. "Kosa ni la waraka," akasema. "Niliandika chumvi nikadhani nimemaliza." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe? Uliona nini?" Nikamweleza nilichokiona. Waraka uliofuata ulikuwa na mstari uliosema chumvi iwe ya kupikia, si ya mifugo, na mchanganyaji aonje kwanza, na anayepeleka waraka asiondoke kabla ya kuona. Niliusambaza mimi. Kengele yangu iliposikika, milango mingine ilifunguka.

Redio sikuipata. Nilibaki kwenye afya miaka yote mpaka nikastaafu, nikipeleka maneno kwa miguu, kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, na kila nilipofika niliomba kigoda.

Tulimzika Nyangi Jumamosi, juu kule, na safari hii watu walijaa, wakalia wapendavyo, na ng'ombe akachinjwa. Nilikuwa nimetoka Turwa alfajiri, na nilipofika sikutaka kula wala kunywa. Nilikaa kwenye kona ya turubai na kulitazama kaburi. Watu walipita wakaniuliza, "Umekunywa maji, bibi?" nikawajibu, "Nimekunywa," wakaridhika wakaenda zao. Kisha akaja mwanamume mkubwa, mpana kama mama yake, mwenye mvi masikioni, amebeba kikombe. Alichuchumaa mbele yangu kwa shida ya magoti. "Shikamoo mama mdogo," akasema. Nikamwambia marahaba, Mwita, nikamwambia nimeshakunywa, mwanangu, asante.

Alinipa kikombe mkononi, akavuta kigoda, akakaa, akawa ananitazama.